Gitaa kuukuu la Nkanka: funguo zikigoma, usikimbilie kununua mpya

NKANKA, Rusizi – Gitaa la nyuzi za nailoni ambalo funguo zake hazitaki kuzunguka huwa na bei mbili. Ya kwanza ni ile anayotaja mwenye nalo, ambaye ameshachoka kushindana nalo na anataka liondoke nyumbani. Ya pili ni ile atakayolipa mpigaji wa kwaya siku funguo zitakapozunguka kwa vidole viwili. Kati ya bei hizo mbili mara nyingi kimebadilika kitu kidogo tu: uchafu wa miaka umesuguliwa kwa mswaki, tone la mafuta ya cherehani limewekwa mahali pake, na nusu siku ya kazi imepita.

Kwa mtu wa Nkanka hilo si jambo dogo. Sekta hii ya Wilaya ya Rusizi iko kando ya Ziwa Kivu, jirani na Kamembe, na ng'ambo ya maji ni Bukavu. Pale mto Rusizi unapotoka ziwani ndipo penye mpaka, na mpakani hapo hupita kila kitu: sambaza, unga, nyanya, vitenge, viatu vya mitumba, na mara moja moja gitaa lililofungwa kwa kitenge juu ya mzigo wa mtu.

Wateja wapo. Nkanka ina parokia ya Kikatoliki chini ya Jimbo la Cyangugu, lililoanzishwa 1981, na kama kwingineko Rwanda, makanisa ya madhehebu mengine nayo yana kwaya. Tangu shule ya muziki ilipofunguliwa Nyundo mwaka 2014, vijana wanaotaka gitaa la kujifunzia wameongezeka, na la kuanzia kwa kawaida ni hili la kiklasiki: shingo pana, nyuzi tatu za nailoni tupu na tatu zilizozungushiwa waya mwembamba, kichwa chenye matundu mawili marefu. Mengi ya makuukuu yalikuja na mapadre, walimu na wageni waliorudi kwao bila mizigo. Mengine ni ya kiwandani, ya aina ya Yamaha C40, ambayo yameshapita mikono minne au mitano.

Vipuri ndivyo taabu. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Korona, aliyezoea kuagiza kitu kutoka ng'ambo aliona jinsi kilomita chache zinavyoweza kuwa mbali. Seti ya funguo ni kitu kidogo cha kuweka mfukoni, lakini isipopatikana Kamembe wala Bukavu, gitaa hukaa ukutani. Ndiyo maana inafaa kujua kwanza kama kweli zinahitajika mpya.

Jinsi ufunguo unavyofanya kazi

Kila upande wa kichwa cha gitaa kuna bamba la chuma lenye funguo tatu. Kishikio, yaani kile kipande cha plastiki kinachoshikwa kwa vidole, kimeungana na fimbo fupi iliyochongwa kama parafujo. Parafujo hiyo inauma meno ya giya ndogo ya shaba. Giya imefungwa kwa skrubu moja kwenye mhimili, na mhimili ndio unaoingia ndani ya mbao na kuzungushiwa uzi.

Kwa kawaida kishikio huzunguka mara 14 au 16 ili mhimili uzunguke mara moja. Hesabu hiyo ina faida mbili na hatari moja. Faida ya kwanza ni kwamba sauti hupanda taratibu, kidogo kidogo, mpaka ifike inapotakiwa. Ya pili, uzi hauwezi kuurudisha ufunguo nyuma hata ukivuta vipi. Hatari ni hii: nguvu ya vidole inaongezwa mara nyingi kabla ya kufika kwenye giya. Anayechukua koleo kukaza ufunguo mgumu hahisi kinachotokea ndani, na kinachotokea ni kwamba parafujo ya chuma inatafuna meno ya shaba. Koleo likianza kutumika, gitaa ambalo lingepona kwa mswaki linahitaji funguo mpya kweli.

Wanyarwanda, kwa kweli, hawakusubiri gitaa ili wajue taabu ya kupatanisha nyuzi. Kwenye inanga, ule ubao mrefu uliochimbwa katikati, uzi mmoja hupitishwa huku na huko kwenye mikato ya ncha mbili, na mpigaji huuvuta kwa mkono mpaka kila mstari uwe na sauti yake. Thomas Kirusu, na baada yake binti yake Sophie Nzayisenga, walijulikana kwa ala isiyo na giya hata moja. Gitaa limerahisisha kazi hiyo, ila limeongeza vyuma vya kutunza.

Ugonjwa uko wapi?

Mafundi wengi hukosea hapa, na wauzaji hupoteza fedha hapa. Ufunguo mgumu unaweza kuwa na sababu tatu tofauti ambazo mkononi huhisiwa karibu sawa. Chuma chenyewe kinaweza kuwa kimeshika. Mbao inaweza kuwa inaubana mhimili. Au uzi umenaswa juu ya shingo, kwenye kile kijiti cha mfupa au plastiki chenye mikato sita, na ufunguo hauna kosa lolote.

Kuzitofautisha hakuhitaji chombo chochote zaidi ya bisibisi. Kwanza nyuzi zilegezwe zote, taratibu, moja baada ya nyingine, zisilegezwe tatu za upande mmoja huku nyingine zikiwa zimekazwa. Kisha kila kishikio kizungushwe bila mzigo. Kinachozunguka laini bila uzi lakini kinakuwa kigumu uzi ukikazwa kina meno makavu au mhimili unaoegemea mbao. Kigumu hata bila uzi, skrubu za bamba zilegezwe nusu mzunguko tu. Kikilainika ghafla, chuma ni kizima: bamba limepinda, au matundu ya mbao hayako kwenye mstari mmoja na mihimili, na skrubu zilikuwa zinalazimisha vitu visivyolingana.

Kisichobadilika hata baada ya hapo, bamba lote litolewe nje na kujaribiwa mkononi. Kikibaki kigumu kikiwa nje, ugonjwa ni wa chuma. Kikizunguka vizuri kikiwa nje, ugonjwa umebaki ndani ya mbao, na hakuna mafuta yatakayoutibu. Jaribio hilo la dakika kumi ndilo linaloamua kama gitaa linahitaji usafi, ukarabati wa mbao au fedha ya seti mpya. Anayenunua seti mpya kabla ya kulifanya anaweza kuifunga na kukuta funguo mpya ni ngumu vilevile.

Kusafisha chuma

Kabla ya kutoa mabamba, yawekewe alama ya kushoto na kulia, kwa sababu hayafanani, na skrubu ndogo zitiwe kwenye kifuniko cha soda zisipotee. Skrubu za zamani ni laini. Bisibisi isiyolingana na kichwa chake huharibu mkato, na baada ya hapo kuitoa ni kazi nyingine.

Kinachokutwa nyuma ya bamba la miaka ishirini ni mchanganyiko wa vumbi, jasho na mafuta yaliyokauka mpaka yakawa kama gundi. Hapo ndipo wengi hupulizia mafuta ya kopo, wakafurahi siku mbili, kisha ugumu ukarudi, maana uchafu haukutoka, ulilowa tu. Dawa ni kuutoa. Mafuta ya taa kidogo kwenye kisosi, mswaki uliochakaa, na subira. Parafujo isuguliwe huku kishikio kikizungushwa pole pole ili kila jino la giya lipite chini ya mswaki. Vishikio vya plastiki visiloweshwe, hasa vya zamani vyenye rangi ya lulu, kwa sababu petroli na thina huvilainisha na kuvipasua. Na kazi hiyo ifanywe nje, mbali na jiko la mkaa.

Uchafu unaotoka nao una habari. Ukiwa mweusi tu, vizuri. Ukiwa na chembe zinazong'aa kama dhahabu, hiyo ni shaba ya giya, na meno yameanza kuliwa. Giya iangaliwe kwa karibu: meno yakiwa yamechongoka upande mmoja, ufunguo huo utadumu kidogo tu hata ukisafishwa vipi. Kutu ya juu juu huondoka kwa kusugua. Kutu iliyochimba parafujo haiondoki.

Baada ya kukausha kwa kitambaa, tone moja la mafuta ya cherehani kati ya parafujo na giya latosha, au grisi nyeupe kiasi cha kichwa cha kiberiti. Mafuta ya kupikia hapana, hata kidogo, yanageuka gundi mapema kuliko yale yaliyotolewa. Tone lingine dogo liwekwe pale ambapo fimbo ya kishikio inapita kwenye masikio mawili ya bamba. Kishikio kizungushwe mizunguko 20 kwenda na 20 kurudi, kisha ziada ifutwe yote. Mafuta yanayobaki yanaonekana hukamata vumbi la barabara, na Nkanka haikosi vumbi kuanzia Juni hadi Agosti.

Ile skrubu moja ya katikati ya giya nayo ina makosa yake. Ikikazwa sana inaibana giya dhidi ya bamba na ufunguo unakuwa mzito. Ilegezwe robo mzunguko tu na ijaribiwe. Ikiwa imelegea, giya inacheza, uzi unashuka sauti katikati ya wimbo, na mpigaji analaumu uzi. Kwenye baadhi ya funguo za bei ya chini hakuna skrubu hapo, kuna ribiti iliyogongwa, na hiyo haina marekebisho.

Ufunguo ambao kishikio chake kinayumba kama gurudumu la baiskeli lililopigwa umepinda fimbo, mara nyingi kwa kuangushwa. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuunyoosha kidogo. Kidogo tu, kwa sababu chuma hicho kikipindishwa mara ya pili hukatika.

Mbao na mvua

Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, na mvua hapa huchukua sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia Septemba mpaka Mei na nafuu fupi katikati. Mbao huvimba kwenye unyevu na kusinyaa kwenye ukame. Tundu la mhimili lililochongwa kwa kipimo cha kubana sana linaweza kuwa sawa Julai na kuwa pingu Aprili. Mwenye gitaa anayesema funguo zake ni ngumu msimu mmoja na nyepesi msimu mwingine ameshamwambia fundi ugonjwa ulipo.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: kumimina mafuta kwenye matundu. Mafuta yakiingia kwenye mbao yanailegeza na kuichafua, na gundi haitashika tena mahali hapo siku ikihitajika. Kinachofaa ni kilainishi kikavu. Sabuni ngumu ya mche ikisuguliwa kidogo kwenye mhimili, au nta ya mshumaa, au unga wa penseli, husaidia bila kuloweka.

Wapigaji udi wanaijua siri hiyo vizuri. Udi wa taarabu ya Zanzibar, mpaka leo, hukazwa kwa vigingi vya mbao visivyo na chuma, na dawa ya kigingi kilichoshika ni sabuni, ya kigingi kinachoteleza ni chaki. Vyuma vya gitaa ni vya baadaye tu. Gitaa lenyewe lilianza na vigingi kama hivyo.

Ikiwa sabuni haikutosha, itafutwe sehemu inayogusa. Mhimili upakwe unga wa penseli, urudishwe, uzungushwe, utolewe. Mahali palipogusana patakuwa na doa jeusi ndani ya tundu, na hapo tu ndipo pa kupitisha msasa laini uliozungushiwa kijiti. Tundu lisitanuliwe lote kwa keekee. Mhimili wa gitaa la nailoni kwa kawaida una unene wa milimita 10, na tundu lililozidi hufanya mhimili ulale upande uzi ukivuta, ambao ni ugumu wa aina nyingine na mbaya zaidi. Ncha ya mhimili inayoingia kwenye ukuta wa katikati ya kichwa nayo iangaliwe. Fundi wengi husahau kwamba kuna tundu na huko pia.

Skrubu za bamba zikikataa kushika kwa sababu mbao imechoka, njiti ya kiberiti iliyopakwa gundi ya mbao na kukatwa sawa na uso wa kichwa hurudisha nguvu ya tundu. Ikauke usiku mmoja.

Ule ugonjwa wa tatu, wa mkato wa juu ya shingo, hujulikana kwa sauti. Kishikio kinazunguka, noti haiendi popote, kisha ghafla inaruka juu na kutoa mlio wa "tik". Uzi umebanwa kwenye mkato. Ncha ya penseli laini ikipitishwa mara chache ndani ya mkato, mara nyingi huwa imetosha.

Nyuzi za chuma

Kama kuna jambo moja linaloua magitaa ya nailoni katika Afrika Mashariki yote, ni hili. Mpigaji anataka sauti kubwa kanisani kusiko na spika, au ametamani ule mlio wa vidole wa Katanga ambao Jean-Bosco Mwenda aliupa umaarufu tangu Hugh Tracey aliporekodi muziki wake mwaka 1952. Anafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la kiklasiki, kwa sababu ndizo zilizo dukani.

Seti ya kawaida ya nailoni huvuta kwa jumla karibu kilo 40. Seti nyepesi ya chuma huvuta karibu 70. Mihimili, ambayo kwenye gitaa hili mara nyingi imevikwa plastiki, hupinda na kukatwa na waya, giya hukauka kwa mzigo, na funguo hugoma. Mwenye gitaa anaona funguo tu. Haoni kwamba daraja lililogundishwa chini limeanza kunyanyuka na shingo inainama. Kwenye gitaa kama hilo, kutengeneza funguo bila kuondoa nyuzi za chuma ni kumsaidia mtu amalize kulivunja.

Kwa mnunuzi wa mitumba hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kutafuta. Mihimili yenye mifereji iliyokatwa na waya inasema gitaa liliwahi kubeba chuma. Karatasi nyembamba ikiingia chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, bei ishuke sana au mkono urudi mfukoni. Lakini gitaa lenye daraja lililokaa, shingo iliyonyooka na funguo ngumu kwa uchafu ni mali, na muuzaji asiyejua tofauti anayauza yote mawili kwa bei moja.

Ikibidi kununua funguo mpya, kipimo kitangulie safari. Umbali kutoka katikati ya mhimili mmoja hadi katikati ya unaofuata kwa kawaida ni milimita 35, ila magitaa ya zamani ya Ulaya yapo yenye umbali mwingine, na seti isiyolingana haiingii hata kwa nyundo. Bora kuvuka mpaka na bamba la zamani mfukoni kuliko na namba ya kichwani.

Na mpakani lipo la kukumbuka. Hati rahisi ya asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayowafaa wachuuzi wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Gitaa la Hispania, Indonesia au China halipati asili hiyo kwa kukaa Bukavu miaka kumi. Wala anayelipeleka kwa fundi ng'ambo ili arudi nalo asilivushe kimya kimya. Aseme wakati wa kutoka, maana wakati wa kurudi ni vigumu kuthibitisha kwamba lilikuwa lake tangu mwanzo.

Kazi ikiisha, nyuzi mpya zifungwe na kila uzi uzungushwe kwenye mhimili bila kupanda ukuta wa tundu, la sivyo utasugua mbao na ugumu utarudi kwa mlango wa nyuma. Kisha kuna kusubiri. Nailoni mpya huendelea kunyooka siku kadhaa, na kila baada ya saa chache sauti imeshuka tena bila funguo kuwa na kosa. Mteja aambiwe mapema, na gitaa la misa ya Jumapili litengenezwe Jumanne au Jumatano. Likikabidhiwa Jumamosi jioni, Jumapili fundi ataonekana hakufanya kitu.